Sura ya Nne: Dallas Isiyokuwa Texas

Andika neno Dallas kwenye simu yako, kisha tazama kitakacholetwa. Yatakuja maghorofa ya Texas. Itakuja timu ya mpira wa Kimarekani, na mchezo wa televisheni ulioanza 1978. Utakuja msafara wa magari wa Novemba 22, 1963, siku aliyouawa Rais John F. Kennedy, siku ishirini tu kabla ya Kenya kupandisha bendera yake. Utasukuma kidole mpaka kichoke. Dallas ya Embu, mtaa wetu wa mabati na vichochoro chini ya Mlima Kenya, itakuwa mbali huko chini.

Nilifanya jaribio hilo usiku mmoja wa Aprili, nimekaa kitandani katika chumba cha kupanga, mvua ya masika ikipiga mabati hata sikusikia redio ya jirani. Nikaongeza neno Embu. Vikaja vijipande: habari ya polisi, tangazo la vyumba, alama kwenye ramani. Hakukuwa na andiko hata moja la mtu anayeishi hapa akisema: mimi naona hivi, na sababu zangu ni hizi. Niliumia. Watu maelfu wanazaliwa, wanaoana, wanazikana mahali hapa, na picha ya mahali penyewe imeachwa mikononi mwa watu wanaofika siku ya msiba na kuondoka jioni.

Sura hii ni ya mtu anayeishi mahali kama hapo na ana maoni.

Maoni hayajawahi kutupungukia. Panda matatu ya Nairobi asubuhi, na kabla hujafika Makutano utakuwa umesikia jinsi ya kuiendesha serikali, jinsi ya kulea watoto na kwa nini bei ya maziwa haiwatoshi wakulima. Nenda kituo cha bodaboda saa nane mchana wateja wakiwa wachache, utasikia mjadala ambao gazeti lingelipia. Tatizo ni kwamba maneno hayo hayana pa kulala. Ya kwenye matatu hushuka na abiria. Ya kwenye kundi la WhatsApp, hata yawe mazito namna gani, kesho yamefunikwa na salamu za asubuhi, picha za maua na michango ya harusi. Mtu anaweza kusema jambo la maana kwa miaka kumi, na asiweze kukuonyesha hata mstari mmoja.

Blogu, ukiivua mapambo yote, ni daftari lililowekwa barazani. Jina lenyewe limetokana na neno lililotungwa Desemba 1997 na Mmarekani Jorn Barger, aliyekuwa akiorodhesha kila siku alichokisoma mtandaoni. Kila andiko lina tarehe na anwani yake. Mtu akikuuliza mwaka kesho ulisema nini kuhusu soko, unampa anwani, anasoma, anaona ulikosea wapi na ulipatia wapi. Hiyo tarehe ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Inakulazimisha kusimama nyuma ya neno lako.

Sasa, uanzie wapi? Kila anayeniuliza swali hili huwa ameshaandika kichwani makala ya kwanza, na karibu kila mara inahusu Rais. Namwambia aiweke kando. Kuhusu Rais wataandika watu mia tano wenye wasaa kuliko wewe, wenye mtu wa kumpigia simu Ikulu. Wewe una kitu ambacho hao hawana: unajua saa ambayo kichochoro chako hujaa maji, unajua nani alijenga kivuko, unajua kibanda gani kimefungwa na kwa nini. Anzia hapo. Rais atakuja mwenyewe kwenye makala, kwa sababu hakuna kichochoro nchini kisichofikiwa na uamuzi wa wakubwa.

Mei 2024 ilinipa mfano ninaoutumia hadi leo. Tarehe 23 mwezi huo Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Sheriff Nassir, alipiga marufuku kuingiza na kuuza muguka, jani la kutafuna, katika kaunti yake. Kilifi ikafuata, kisha Taita Taveta. Siku chache baadaye Rais William Ruto alikutana na viongozi wa Embu, na Ikulu ikatangaza kwamba marufuku hiyo haina nguvu kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na Sheria ya Mazao na Kanuni za Miraa za 2023. Mahakama Kuu nayo ikaisimamisha kwa muda. Kwa siku nyingi nchi nzima ilikuwa na maoni kuhusu jani linalolimwa Mbeere, humu humu kaunti yetu ya Embu. Akina mama wa Pwani walilia mbele ya kamera kwamba wana wao wanaharibika. Wakulima walilia kwamba karo ya shule inatoka kwenye jani hilohilo. Wachambuzi wa Nairobi wakachagua upande.

Mimi nilienda kwenye kibanda. Kuna mama anauza muguka si mbali na ninapoishi, kibanda cha mbao chenye dirisha moja, meza mbele, gunia lililoloweshwa maji limefunika majani. Nimepita hapo mara nyingi nikimsalimu tu. Siku hiyo nilikaa juu ya kreti ya soda kuanzia saa nne hadi karibu saa nane, nikijifunza mambo ambayo sikuyasikia kwenye televisheni. Kwamba jani huchumwa alfajiri na kuanzia hapo ni mashindano na saa, maana nguvu iliyomo, ile kemikali iitwayo kathinoni, hupotea jani likikauka. Baada ya siku mbili hivi umebaki na majani ya kawaida. Ndiyo sababu magari ya Probox yanayolibeba hukimbia namna ile. Kwamba ndugu yake miraa wa Meru huuzwa vijiti, hufungwa kwa majani ya mgomba na hutafunwa gome, ilhali muguka hutafunwa jani, na ni rahisi zaidi, kwa hiyo hufika kwenye mikono ambayo miraa haifiki. Kwamba kinachobaki jioni ni hasara yake, si ya mkulima wala ya dereva.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nimeliuliza. Ana mtoto wa miaka kumi na tisa, na amemkataza kabisa kutafuna.

"Mimi nauza, yeye hatafuni," alisema, mkono wake ukiendelea kugeuza majani chini ya gunia. "Ukiandika, mwalimu, andika yote mawili."

Nimeyafikiria maneno hayo kuliko hotuba yoyote ya mwezi ule. Mwanamke mmoja alikuwa amebeba hoja ya Mombasa na hoja ya Mbeere kwa pamoja, kila siku, kwa miaka, bila kupasuka. Mtu aliyeandika kutoka mbali alilazimika kuchagua upande, kwa kuwa alichokuwa nacho ni pande tu. Ukikaa kwenye kreti ya soda unaona mtu mzima. Makala niliyoandika usiku ule ilikuwa na maoni, tena makali: kwamba kaunti zinazokula ushuru wa jani hili zinadaiwa mpango wa vijana wanaoathirika nalo, na kwamba kupiga marufuku bila kuzungumza na muuzaji ni kuhamisha biashara gizani. Lakini maoni hayo yalikuja mwisho, baada ya msomaji kumwona mama, meza na gunia. Aliyekataa hoja yangu hakuweza kusema sikuwapo.

Watu husema mambo haya ni ya vijana wenye simu. Si kweli. Huku kwetu kazi hii ina babu zake, na mmoja wao ningependa ajulikane kwa kila anayefungua ukurasa wake leo. Aliitwa Henry Muoria, mzaliwa wa Kabete. Alikuwa gadi wa reli. Hakuwa na shahada wala mfadhili. Alijifunza uandishi wa habari kwa masomo ya posta, akisoma na kuandika katika nafasi alizozipata kazini. Mwaka 1945 alichapisha kijitabu cha maoni yake kwa Kikuyu kuhusu watu wake wafanye nini baada ya vita, na mwaka huohuo akaanzisha gazeti lake, Mumenyereri, yaani mlinzi. Fikiria ujasiri huo. Serikali ya kikoloni ilikuwa na magazeti, walowezi walikuwa na magazeti, naye gadi wa reli akasema: nami nina la kusema, na nitalisema kwa lugha ninayoiotea ndoto. Lilidumu hadi 1952. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba mwaka huo, gazeti likapigwa marufuku Muoria akiwa London, na hakurejea kuishi nyumbani. Alifanya kazi tena ya gadi, safari hii kwenye treni za chini ya ardhi za London, akaendelea kuandika, akafariki huko 1997.

Namtaja Muoria kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba alijilipia mwenyewe, kwa mshahara mdogo, kitu ambacho wewe leo unapewa bure. Ya pili ni lugha.

Lugha huwasumbua wengi wanaoanza. Mtaani Dallas mtu mmoja huamka na Kiembu, akanunua maandazi kwa Kiswahili, akamtania kinyozi kwa Sheng, na akiketi kuandika maoni yake anavaa Kiingereza kama suti ya kuazima. Sentensi zinakuwa ndefu, hasira inapoa, na bibi yake hawezi kusoma. Mtanzania Ndesanjo Macha aliliona jambo hili mapema. Akiwa Marekani, alifungua blogu yake Jikomboe mnamo 2004, akaandika Kiswahili wakati ambapo karibu kila kitu mtandaoni kilikuwa Kiingereza, na akawahimiza wengine mmoja baada ya mwingine wafungue zao. Septemba 2005, kwenye mkutano mjini Helsinki, mpigapicha Issa Michuzi alianzisha yake kwa msaada wa Ndesanjo huyo. Blogu ya Michuzi ikawa baraza la Watanzania wa nyumbani na ughaibuni: misiba, harusi, picha za mitaa, mabishano. Kilichowavuta watu pale ni kwamba walijiona, wakijisemea kwa lugha yao.

Hapa Kenya wa kwanza wengi waliandika Kiingereza, na hilo si kosa. Walikuwa wakizungumza na nchi nzima na dunia. Ory Okolloh, kwa mfano. Mwaka 2006, baada ya tovuti ya Bunge kufungwa kufuatia malalamiko ya wabunge kwamba wasifu wao umewekwa hadharani, yeye na Conrad Akunga walianzisha Mzalendo, mahali pa kufuatilia mbunge gani anasema nini. Desemba 30, 2007, matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, blogu yake binafsi ikawa mahali ambapo watu walituma walichokiona barabarani. Mapema Januari 2008 aliandika humo akiuliza kama kuna watu wa kompyuta wanaoweza kutengeneza ramani ya ghasia. Wakajitokeza. Ramani hiyo ndiyo Ushahidi, ambayo baadaye imetumika katika majanga nchi nyingi. Ilianza kama ombi katika ukurasa wa mtu mmoja.

Na kama unadhani mambo haya ni ya wasomi wa sheria waliosoma ng'ambo, mkumbuke chifu. Francis Kariuki, chifu wa Lanet Umoja karibu na Nakuru, alianza 2011 kuwaandikia wananchi wake vijijumbe vifupi kwenye Twitter, Kiswahili na Kiingereza, ambavyo hata mwenye simu ya kibonyezo aliweza kuvipata kama ujumbe wa kawaida. Kondoo wa kahawia amepotea. Wezi wako nyumba fulani sasa hivi. Watu walitoka, wezi wakakimbia. Chifu Kariuki alifariki 2022. Hakuandika makala ndefu, lakini alijua anamwandikia nani, na hilo peke yake liliwashinda wahariri wengi.

Kwa hiyo andika kwa lugha ya mtu unayemwandikia. Mimi naandika Kiswahili, nikitia neno la Kiembu pale ambapo Kiswahili hakina, na huwa nalieleza ndani ya sentensi. Rafiki yangu wa Maua anaandika Kimeru tupu, na wasomaji wake mia mbili wanamtumikisha kuliko wangu wote.

Upande wa vifaa nitaupitia haraka kwa sababu ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Blogger na WordPress zote zinakupa ukurasa bure, na simu inatosha. Usinunue chochote mwezi wa kwanza. Ukiona umeandika kwa miezi mitatu bila kuacha, ndipo ulipie jina lako lenye .co.ke. Usihangaike na rangi. Hangaika na bando la msomaji: maneno elfu moja, maandishi yenyewe, ni kama kilobaiti saba, ilhali picha moja ya simu huweza kufika megabaiti tatu. Picha moja usiyoipunguza ina uzito wa makala zaidi ya mia nne. Mama mboga mwenye bando la shilingi ishirini atafunga kabla haijafunguka, nawe utadhani hakupenda maoni yako. Andika makala tano kabla ya kutoa ya kwanza, maana wiki ya tatu ndiyo inayoua blogu nyingi: moto wa mwanzo umepoa na hakuna akiba.

Halafu kuna jambo ambalo ningeomba ulisome polepole, kwa kuwa nililijifunza kwa kumuumiza mtu.

Mwaka wangu wa kwanza niliandika kuhusu chama kimoja cha vijana. Fedha za mradi wao zilikuwa hazionekani, na kituoni kila mtu alijua zimeliwa na mweka hazina. Sikumtaja jina, lakini nilieleza koti lake, na kwa mtaa mdogo koti linatosha. Nilitoa makala saa moja jioni. Saa tatu ilikuwa kwenye makundi yote. Kesho yake asubuhi yule kijana alikuja mlangoni kwangu, akiwa na daftari la chama ndani ya mfuko wa plastiki. Hakupiga kelele. Alifungua ukurasa baada ya ukurasa juu ya ndoo iliyofunikwa, akanionyesha stakabadhi ya malipo ya awali ya mashine, na tarehe ya mashine kufika. Fedha zilikuwapo zote. Mama yake alikuwa amesoma kabla yake.

Nilifuta makala, nikaona kufuta ni kujificha, nikairudisha na masahihisho juu kabisa, kwa tarehe, nikisema nilikosea wapi. Nikaenda kwao. Wazazi wake walinipokea kwa chai, na chai hiyo ilikuwa nzito kuliko matusi. Masahihisho yangu hayakusambazwa kwenye makundi hata robo ya ile makala. Tangu siku hiyo sitoi neno linalogusa sifa ya mtu kabla sijamwendea mwenyewe na kumwuliza, na kabla sijaona karatasi kwa macho yangu. Hasira yangu huwa inangoja hadi asubuhi.

Karatasi, kwa bahati njema, ni haki yako. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 21. Andika barua, weka nakala igongwe muhuri. Ukipata jibu, una makala. Usipopata, pia una makala, na safari hii una muhuri na tarehe. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti kuhusu matumizi ya kaunti ziko wazi kwa yeyote. Nimeona mjadala wa kelele ukinyamazishwa na jedwali moja la ukurasa mmoja.

Sasa hofu. Siwezi kuandika sura hii nikiwa Embu na kuipita.

Desemba 21, 2024, kijana wa miaka 24 alichukuliwa hapa mjini akiwa kwa kinyozi, na watu wasiojitambulisha. Alikuwa amehusishwa na picha mtandaoni iliyomwonyesha Rais ndani ya jeneza. Siku hizo vijana wengine nao walikuwa wamepotea sehemu nyingine za nchi. Krismasi ikapita. Mwaka Mpya ukapita. Watu waliandamana barabarani Embu wakidai arudishwe. Alipatikana akiwa hai Januari 6, 2025, baada ya siku kumi na sita. Wiki zile nilikuwa nikikaa kwa kinyozi wangu nikitazama mlango kupitia kioo, na sikuwa peke yangu. Miezi mitano baadaye, Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay baada ya malalamiko ya naibu wa Inspekta Jenerali wa Polisi kuhusu machapisho ya mtandaoni, akapelekwa Nairobi, akafia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Polisi walisema aligonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ulikataa maelezo hayo.

Yeyote anayekuambia ufungue ukurasa bila kukueleza hayo hakutakii mema. Lakini nieleze pia upande wa pili, kwa kuwa ni wa kweli vilevile. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wako wa kujieleza. Hakilindi uchochezi wa vita na vurugu wala matamshi ya chuki, na kinakutaka uheshimu sifa ya mwenzako. Wananchi wa kawaida wamesimama juu ya kifungu hicho na kushinda. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichokuwa kikitumiwa kuwakamata watu kwa walichoandika mtandaoni, katika kesi ya Geoffrey Andare. Februari 2017 Jaji John Mativo aliondoa kosa la jinai la kuvunjia mtu heshima. Tangu hapo aliyeumizwa na maneno yako hukushtaki kwa madai, anadai fidia. Sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018 ilipokuja na faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa habari za uongo, Chama cha Wanablogu wa Kenya kilikwenda mahakamani mwezi uleule. Mahakama ilisimamisha vifungu 26 mwaka huo, kisha Februari 2020 ikaitupa kesi, na mabishano yakaendelea. Haki hii huvutwa huku na kule, na wanaoivuta kuja upande wetu ni watu wenye majina.

Ninachokifanya mimi ni hiki. Naandika kwa jina langu. Nashambulia uamuzi, barua, bajeti. Mwili wa mtu, mama yake na kabila lake siviandiki. Naweka nakala ya kila karatasi kwa mtu mwingine anayeishi mbali na mimi. Watu wawili wanajua ratiba yangu kila siku ninapotoa jambo zito. Na kuna mambo nimeyaacha bila kuyaandika kwa kuwa niliogopa, na sijuti yote.

Makala ya muguka ilitoka siku ya Jumapili. Jumatatu nilienda kibandani na simu ikiwa na makala imeshafunguka, kwa sababu nilitaka mama asome kabla hajaambiwa na wengine. Alifuta mikono kwenye leso, akaishika simu mbali kidogo na macho, akasoma midomo ikitembea. Alisoma yote. Wateja wawili walingoja.

"Hapa umeandika nilianza 2015," alisema.

"Ndivyo nilivyosikia, mama."

"Nilianza 2013, mwaka kaunti zilipoanza. Huyu mtoto alikuwa wa miaka minane, alikuwa anakaa hapo ulipokaa wewe." Alinirudishia simu. "Rekebisha."

Nilirekebisha nikiwa nimesimama palepale, na chini kabisa nikaongeza mstari wenye tarehe unaosema nini kimebadilishwa. Akaomba simu tena, akatazama kama kweli nimebadilisha. Kisha akamgeukia mteja wa kwanza, kijana wa bodaboda, akampa simu yangu juu ya meza ya majani.

"Soma kuanzia juu," alimwambia. "Kwa sauti. Huyu wa nyuma pia asikie."

Kijana akavua kofia ya pikipiki, akaanza kusoma.